Kitanda cha Sita Kilikuwa Kitupu

Simu ililia saa tisa na robo usiku. Moshi ya mwezi wa saba ina baridi ya kuingia kwenye mifupa, na mtu akikupigia saa hizo unajua kabla hujapokea kwamba hakuna jema. Alikuwa sista wa zamu wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Hakunisalimu. "Fundi, njoo. Mashine yako nusura imtoe mtu roho."

Mashine yangu. Nikavaa koti juu ya kanga, nikamwamsha kijana wa bodaboda anayeishi jirani yetu pale Soweto, na njia nzima nawaza fyuzi, betri, umeme uliokuja kwa nguvu. Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Nimesoma Chuo cha Ufundi Arusha, na wakati huo nilikuwa na miaka tisa kazini katika hospitali moja hapa Moshi ambayo sitaitaja. Kwa fundi wa aina yangu mashine ni nzima au ni mbovu, basi. Ile niliyoikuta usiku ule ilikuwa nzima kabisa. Namba zake zilikuwa sahihi, kengele yake ililia wakati ilipotakiwa kulia. Kibovu kilikuwa jina lake, na jina lile nililiacha mimi.

Wodi yetu ina vitanda vinane. Kila kitanda kina monita yake ukutani: mapigo ya moyo, presha, upumuaji, na oksijeni ya kwenye damu, ile inayosomwa na kibanio cha kidoleni. Monita zote zimeunganishwa kwa mtandao na monita kuu iliyoko mezani kwa manesi, skrini pana iliyogawanywa madirisha manane. Siku monita hizo zilipofungwa tulipiga vigelegele, sitanii. Usiku manesi ni wawili kwa wagonjwa wanane, na walikuwa wanazunguka kama pia. Sasa wanakaa mezani wanawaona wote kwa pamoja.

Jioni ya siku ile skrini ya monita ya kitanda cha tatu ilikufa. Stoo hakukuwa na akiba. Kitanda cha sita hakikuwa na mgonjwa, kwa hiyo nikaing'oa monita ya sita nikaifunga pale pa tatu. Nikamvalisha mgonjwa kibanio, namba zikatokea, nikawaambia manesi "tayari", nikaenda nyumbani kupikia watoto.

Sasa, monita inatunza namba ya kitanda ndani yake yenyewe. Ifunge ukuta wowote, ipeleke hata Himo, itaendelea kujitambulisha kwa monita kuu kuwa ni "Kitanda 6" mpaka mtu aingie kwenye mipangilio aibadilishe. Nilikuwa nalijua hilo. Nimelisoma kwenye kitabu cha mashine na nimewafundisha vijana wa fildi zaidi ya mara moja. Jioni ile halikunijia kichwani.

Kitanda cha tatu alilala mzee mmoja wa Rombo, siku ya pili baada ya upasuaji wa tumbo, anapumua kwa kusaidiwa na oksijeni. Saa nane na dakika 41 usiku mrija wake wa oksijeni ulibanwa na chuma cha ubavuni mwa kitanda. Oksijeni ya damu ikaanza kushuka, monita ikalia, na kule mezani dirisha la sita likawaka jekundu: asilimia 84.

Nesi akageuka kutazama kitanda cha sita. Shuka limetandikwa, mto uko mahali pake, mtu hayupo. Dirisha la tatu kwenye skrini lilikuwa jeusi, limeandikwa kwamba halijaunganishwa, na kwenye makabidhiano ya zamu alikuwa ameambiwa monita ya tatu iliharibika, fundi kaleta nyingine. Akadhani hiyo nyingine bado haijaungwa kwenye mtandao. Kwa hiyo alichokiona yeye ni kitanda kitupu kinachopiga kelele. Akabonyeza kunyamazisha. Dakika mbili zikaisha, ikalia tena. Akabonyeza. Mara ya tatu akasitisha kengele zote za kitanda cha sita, maana mwenzake alikuwa anahangaika na mgonjwa anayetapika kule kitanda cha nane na alihitaji mikono miwili ya ziada.

Mfumo wetu ulikuwa wa pande mbili. Ukinyamazisha mezani, na ile ya kitandani inanyamaza. Muuzaji alipokuja kutuonyesha alilisifia hilo kama starehe: "Sista hana haja ya kunyanyuka." Basi sista hakunyanyuka, na nyuma ya pazia monita iliyokuwa inasema kweli ikazibwa mdomo kutoka hatua kumi na tano.

Aliyemwokoa yule mzee ni mama wa usafi. Alikuwa anapiga deki, akafika karibu na pazia, akasimama. "Sista, hebu mwone huyu babu. Midomo imekuwa kama kala zambarau." Oksijeni ilikuwa 68. Wakaufungua mrija, wakamwinua, namba zikaanza kupanda. Baada ya siku sita mzee alitoka wodini kwa miguu yake, na alivyosikia habari nzima alituma mkungu wa ndizi mshare. Haukuja kwangu, ulikwenda kwa mama wa usafi. Ndivyo ilivyostahili.

Nilipofika usiku ule sikuchukua muda kuona. Nilisoma maandishi madogo pembeni mwa skrini ya kitanda cha tatu, "Kitanda 6", miguu ikaisha nguvu.

Asubuhi ikaanza shughuli ya kumtafuta mwenye makosa. Katibu wa hospitali alitaka nesi aandikiwe barua ya kujieleza. Ushahidi ulikuwepo kwenye mashine: monita ya kitandani ilionyesha kengele ya kwanza ililia saa nane na dakika 24, na kwenye faili la mgonjwa manesi wameandika walimkuta saa nane na dakika 52. Dakika 28 za mtu kukosa hewa. Nesi alikuwa analia chooni, anasema hapana, si muda wote huo, lakini nani abishane na mashine?

Kilichonishtua ni karatasi niliyoitoa kwenye monita kuu. Yenyewe ilisema kengele ya kwanza ni saa nane na dakika 41. Tukio moja, mashine mbili zinazozungumza kila sekunde, nyakati mbili tofauti. Nikaenda na simu yangu kulinganisha. Saa ya monita kuu ilikuwa sawa na ya ukutani. Saa ya monita ya kitandani ilikuwa nyuma kwa dakika 17. Ile betri ya kidonge ya ndani inayotunza saa ilikuwa imechoka, na mfumo wetu haukuwa umewekwa kurekebisha saa za monita zote kutoka sehemu moja. Kwa hiyo zilikuwa dakika 11. Bado ni nyingi mno, lakini dakika 11 za manesi wawili wenye mgonjwa anayetapika si sawa na dakika 28 za uzembe. Barua haikuandikwa. Tangu hapo nikienda kukagua kifaa chochote chenye mtandao, naanza na saa. Wenzangu wananicheka. Wacheke tu.

Kwenye kikao, matroni, mama mtu mzima anayeniita mwanangu hata mbele ya madaktari bingwa, aliniuliza swali moja. "Mwanangu, ulipoihamisha ile mashine, ulimwambia nani kwamba umeihamisha?"

Nilimwambia nilisema "tayari".

"Tayari nini?"

Sikuwa na jibu.

Nilipokuwa chuoni mwalimu wetu alitusimulia habari ya Therac-25, mashine ya mionzi ya kutibu saratani. Kati ya 1985 na 1987, huko Marekani na Kanada, iliwapa wagonjwa sita mionzi iliyopita kiasi kupindukia, na wengine wakafa. Haikuwa na intaneti, hakukuwa na mdukuzi. Kosa lilikuwa ndani ya programu, na kinga za vyuma na swichi zilizokuwa kwenye mashine za zamani zilikuwa zimeondolewa kwa sababu programu iliaminiwa itatosha. Sehemu iliyonikaa kichwani ni ya Texas, 1986. Skrini iliandika "Malfunction 54", maneno yasiyomwambia mwendeshaji lolote. Mashine ile ilikuwa na mazoea ya kutoa ujumbe wa namna hiyo mara nyingi kwa siku, na mwendeshaji alishazoea kubonyeza herufi P ili iendelee. Akabonyeza P. Darasani tulimlaumu yule mwendeshaji kwa sauti kubwa, tukiwa na miaka ishirini na kitu, hatujawahi kukesha hata usiku mmoja na mgonjwa. Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya nesi niliyemfahamu, ambaye P yake iliitwa "nyamazisha".

Matroni akaniagiza niandike hatari zote za zile monita. Nikanunua kaunta buku. Njia niliyoitumia ni ile ya kiwango cha kimataifa cha ISO 14971, ambacho watengenezaji wa vifaa tiba hukifuata, nikaifanyia Kiswahili chetu. Kiwango hicho kinatenganisha vitu vitatu ambavyo sisi tunavichanganya. Waya wa umeme uliochubuka ni chanzo cha hatari. Mtoto anayecheza karibu na waya huo, hayo ndiyo mazingira ya hatari. Kuungua ndiyo madhara. Ukiandika "waya umechubuka" tu, hujaandika kitu, maana hujasema ni nani yuko karibu na saa ngapi. Halafu unapima: madhara yakitokea yatakuwa makubwa kiasi gani, na uwezekano wa kutokea ni upi. Moja mpaka tano kila upande.

Mstari wa kwanza niliandika: monita kuwa na jina la kitanda kingine. Ukubwa tano. Uwezekano nikaweka moja, kwa sababu katika miaka tisa nilikuwa nimeiona mara moja.

Matroni alisoma, akacheka bila furaha. "Umeiona mara moja kwa sababu wewe unaondoka saa kumi. Waulize wa usiku." Nikawauliza. Mara nne kwa mwaka ule, hata wao walikuwa wamehamisha monita kutoka kitanda kimoja kwenda kingine, bila fundi, bila kugusa mipangilio. Hakuna aliyeumia, kwa hiyo hakuna aliyesema. Nikafuta moja nikaandika nne.

Kinga yangu ya kwanza ilikuwa plasta. Nilikata plasta ya wodini, nikaandika namba ya kitanda kwa maka peni, nikabandika juu ya kila monita na ukutani kwake, ili namba zikitofautiana mtu aone. Nilijivunia sana. Wiki ya tatu zote zimefutika, manesi wanapangusa mashine kwa Jik kila zamu kama wanavyotakiwa. Na ningekumbuka nilichosoma nisingepoteza plasta: ISO 14971 inataka uanze na kuibadili mashine au mfumo wenyewe ili kosa lishindikane, ukishindwa ndipo uweke kinga ya kulizuia, na maandishi na mafunzo yawe ya mwisho. Sisi huku tunaanza na tangazo ukutani, tena kwa herufi kubwa nyekundu, halafu tunashangaa.

Tulichofanya hatimaye ni viwili. Hospitali ilinunua monita moja ya ziada, nami nikaiandika ndani yake "AKIBA" badala ya namba. Inapofungwa popote, monita kuu inaandika AKIBA, na nesi analazimika kuuliza hii AKIBA iko wapi. Jina la kweli linawekwa na fundi pamoja na nesi, wawili, kwa kipimo cha kibanio: mimi nakaa kitandani nakibandua kibanio kidoleni, nesi yuko mezani anasema dirisha lipi limelia. Akisema namba niliyokaa, tunasaini. Dakika moja haifiki. Cha pili, nikaingia kwenye mipangilio kwa paswedi ya mhandisi nikaondoa uwezo wa kunyamazisha kutoka mezani. Ukitaka kengele inyamaze, nenda kitandani ukamwone mgonjwa.

Nilidhani nimemaliza. Baada ya miezi miwili hivi nikapita wodini mchana nikasikia kimya cha ajabu. Monita zote nane zilikuwa zimeshushwa sauti mpaka chini kabisa. Manesi walikuwa wamechoka kutembea. Kengele zilikuwa nyingi, nyingi kati ya hizo hazikuwa na maana, mgonjwa kajigeuza au kibanio kimeteleza, na mimi nilikuwa nimewaongezea mwendo bila kuwapunguzia kelele. Ile hatari niliyoiondoa mezani ilikuwa imehamia kitandani. Kaunta buku lilipaswa kuwa na safu ya "kinga hii italeta hatari gani mpya", na kiwango chenyewe kinaitaka, mimi niliiruka kwa sababu ukurasa ulikuwa umejaa. Ikabidi tumwite daktari wa ICU, tukae naye, tupitie mipaka ya kengele ya kila mgonjwa. Mzee mwenye mapafu mabovu ya miaka mingi ambaye 90 ndiyo hali yake ya kawaida, huna sababu ya kumwekea kengele kwenye 92. Kelele zikapungua, na sauti nikaifunga isishuke chini ya kiwango fulani. Kazi hiyo ilichukua muda kuliko kazi zote za ufundi nilizozieleza hapa, na haikuhitaji bisibisi.

Watu wakisikia nafanya kazi ya usalama wa mashine za hospitali zenye mtandao, wanaulizia wadukuzi. Mjomba wangu alinipigia kutoka Arusha kuuliza kama kweli mtu anaweza kumsimamisha mtu moyo kwa kompyuta. Nikamwambia habari ya 2017, ambapo Wamarekani wapatao 465,000 wenye vifaa vya kusaidia mapigo ya moyo vya kampuni ya Abbott walitakiwa kwenda kliniki kuwekewa programu mpya ya ndani, kazi ya kama dakika tatu, kwa sababu upenyo ulikuwa umegundulika, ingawa hakuna aliyejulikana kudhuriwa. Ni jambo la kweli na zito. Lakini adui zangu mimi nawafahamu kwa sura. Mmoja ni dabi ya Kariakoo.

Sitanii. Simba na Yanga walikuwa wanacheza, na monita kuu ikaanza kukatakata, mawimbi ya moyo yanasimama na kuruka. Nilihangaika na kebo nusu saa. Kumbe yule kijana wa kompyuta alikuwa amewaunga wafanyakazi kwenye ruta ileile ya monita ili wapate intaneti, na nusu ya hospitali ilikuwa inaangalia mpira kwenye simu. Hakukuwa na ubaya wowote moyoni mwa mtu. Siku iliyofuata tukazitenganisha njia, monita zikawa na mtandao wao usiotoka nje kabisa. Malalamiko niliyoyapata kwa hilo yalizidi niliyoyapata kwa yule mzee.

Adui mwingine ni flashi. Mashine yetu ya altrasaundi, ya msaada, ilikuja kwenye kontena kutoka Ulaya, ndani yake mna kompyuta ya Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuitolea marekebisho Januari 2020. Daktari mmoja wa mafunzo alichomeka flashi achukue picha za wasilisho lake. Virusi vile vinavyogeuza mafolda kuwa njia za mkato, mnavijua, vikaingia. Siku mbili kina mama wajawazito wakaelekezwa kwingine, na wengine walikuwa wameshatoka nyumbani alfajiri kwa nauli ya kukopa. Kijana wa kompyuta, mwenye nia njema kama kawaida, akataka kuweka programu ya kupambana na virusi. Nikamzuia kwa mikono miwili. Marekani, mwaka 2016, iliripotiwa kwamba programu ya namna hiyo iliamka kufanya ukaguzi wake katikati ya kipimo cha moyo, ikaizima skrini ya madaktari huku mgonjwa amelala na dawa za usingizi. Walisubiri dakika kama tano mpaka mashine iwake tena, kipimo kikamalizika salama. Kompyuta ya mezani ikijikagua unakunywa chai. Kifaa cha mgonjwa hakina muda wa chai.

Ila usichukue hapo kisingizio cha kutogusa kitu, kwa sababu kutogusa nako kuna bei. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry viliingia kwenye hospitali za Uingereza, miadi ya wagonjwa ikafutwa kwa maelfu, hata mashine za picha zikafungwa. Marekebisho ya upenyo ambao virusi hivyo viliutumia Microsoft ilikuwa imeshayatoa mwezi Machi. Nikaenda njia ya katikati: altrasaundi ikakatwa kwenye mtandao wa nje, matundu ya flashi nikayaziba, na ikawepo flashi moja tu ya hospitali, inakaa kwangu, inasafishwa kila inapotoka na kila inaporudi. Dawa ya kweli ni mtengenezaji kutoa programu mpya iliyopimwa na mashine yake. Nimemwandikia. Bado nasubiri.

La kunitia aibu zaidi nimelibakiza hapa. Monita kuu iliwahi kugoma, na mwakilishi wa muuzaji akiwa Dar akaniomba niweke programu ya kumwezesha kuingia kutoka mbali. Nikaweka, akatengeneza kwa robo saa, nikamshukuru kwa kutuokolea nauli yake. Miezi saba baadaye, nikijaza kaunta buku, nikakuta mlango ule bado uko wazi, na paswedi ni 123456. Kwa miezi saba mtu yeyote aliyeijua njia angeweza kukaa mezani pa manesi wetu bila kuonekana, akaona majina ya wagonjwa, na kabla sijaondoa kunyamazisha kutoka mezani angeweza pia kuzizima kengele zao. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mimi ndiye niliyekuwa mlangoni nimesinzia. Siku hizi fundi wa mbali akitaka kuingia, nampigia nesi kwanza, nafungua, nakaa palepale natazama mshale unavyotembea, akimaliza nafunga na kuandika saa.

Mapema 2025 kundi letu la WhatsApp la mafundi liliwaka moto. Tarehe 30 Januari mamlaka za Marekani, CISA ya usalama wa mitandao na FDA ya dawa na vifaa tiba, zilikuwa zimetoa onyo kuhusu monita ya Contec CMS8000, ambayo pia huuzwa kwa jina la Epsimed MN-120. Ndani ya programu yake kulikuwa na anwani ya intaneti iliyoandikwa moja kwa moja, na monita ikipata intaneti ilipeleka taarifa za mgonjwa huko, na kulikuwa na njia ya kuingiziwa mafaili kutoka nje. Watafiti wengine baadaye walisema wanaona usanifu mbovu kuliko hila. Kundini kila mtu anauliza, "Ni kama zile zetu?" Mmoja anasema azitupe zote, mwingine anasema Wamarekani wana vita yao na Wachina, sisi haituhusu. Niliwajibu kwa sauti, maana kuandika kungechukua usiku. FDA yenyewe ilishauri: kama unaitumia kitandani tu, chomoa kebo ya mtandao na zima mawasiliano yasiyo na waya, endelea kuitumia. Kama unategemea kuangalia kutoka mbali, acha kuitumia, tafuta nyingine. Kijana mmoja wa zahanati ya huko Same akauliza, "Sasa dada, nikichomoa kebo, nani ataangalia?" Hilo ndilo swali la kuuliza kabla ya kuchomeka. Kila kebo inayokwenda mezani kwa manesi ina mapatano ndani yake: huku tunaacha kutazama kwa sababu kule wanatazama. Nilimwambia ahesabu watu wa zamu kwanza, halafu ahesabu monita.

Kila Ijumaa baada ya chai ya saa nne napita wodini na kipimo cha kibanio. Nakaa ukingoni mwa kitanda kitupu, navaa, nabandua, nasubiri mezani waite namba. Ijumaa iliyopita nilianzia kitanda cha tano. Nikabandua. Monita ya kitandani ikalia. Mezani kimya.

"Sista, dirisha la tano linasemaje?"

"La kijivu, fundi. La tano mpaka la nane yote ya kijivu."

"Tangu saa ngapi?"

Wakatazamana. "Labda tangu asubuhi. Tulidhani ni umeme."

Nikaingia chini ya meza na tochi ya simu, nikafuata kebo hadi kwenye kile kiboksi cha mtandao kinachobeba vitanda vinne vya upande wa kulia. Taa zake zote zimezima. Plagi yake ilikuwa imelala sakafuni, na kwenye tundu lake kuna chaja ya simu, bado ya moto.

"Hii ya nani?" nikauliza nikiwa hukohuko chini.

Hakuna aliyejibu. Nikaona tu viatu vyeupe jozi tatu vikirudi nyuma taratibu.